Je, wangeweza kusali kimyakimya? Jibu kwa mzee wa kanisa anayeisitiri familia kutoka Eritrea

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi. Kanisa letu limeipokea familia ya Waeritrea, baba, mama na watoto watatu, mkubwa akiwa binti wa miaka 16. Ni Wapentekoste. Mama alifungwa kwao miezi minane kwa sababu ya ibada iliyofanyika nyumbani kwake. Baadaye walikimbilia Khartoum, na vita vilipoanza huko mwaka 2023 wakapitia Juba hadi wakafika kwetu. Wameshasajiliwa kuwa waomba hifadhi na mahojiano yao ni mwezi ujao. Wenzao wamewatia hofu kwamba wataulizwa kwa nini hawakusali kimyakimya nyumbani, au kwa nini hawakurudi katika kanisa la Orthodoksi ambamo baba alibatizwa. Dalali mmoja anataka shilingi 40,000 awaandikie maelezo "yenye nguvu", ambamo baba naye alifungwa na kuteswa. Tukimwuliza mama alitokaje gerezani, huinamisha macho, na mumewe hujibu kwamba Mungu alimtoa. Binti yao, aliyejifunza Kiswahili upesi, ndiye anayetutafsiria. Tufanye nini? Na je, kanisa letu linaweza kuwapeleka Kanada?

JIBU: Mzee wangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale ulipoandika kwamba mama huinamisha macho. Nitafika hapo, kwa kuwa naamini hapo ndipo lilipo shauri lenyewe. Kwanza niliondoe hili linalowanyima usingizi, yaani swali la kusali kimyakimya.

Swali hilo linaweza kuulizwa kweli, na anayeliuliza si lazima awe na nia mbaya. Kazi ya ofisa ni kupima kama mtu ana hofu yenye msingi ya kuteswa kwa mojawapo ya sababu zilizotajwa katika Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi, na dini ni mojawapo. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1966, na Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imesimama juu yake. Anayepima hofu hana budi kuuliza kama ingeepukika. Majibu yapo mawili, moja linatoka katika hali halisi ya Eritrea na jingine linatoka katika sheria, na ingawa mimi ni mtu wa sheria, nawashauri wateja wangu waanze na lile la kwanza.

Mwezi Mei 2002 serikali ya Eritrea ilifunga makanisa na vikundi vyote vya dini isipokuwa vile vya madhehebu manne inayoyatambua, ambayo ni Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo, Kanisa Katoliki, Kanisa la Kilutheri na Uislamu wa Kisuni. Wale wanaoitwa kule "Pente", ambao huku kwetu tungewaita walokole, walibaki bila jengo wala ruhusa, wakahamishia ibada majumbani. Na majumbani ndiko wanakokamatwa. Mwaka 2005, mjini Barentu, waumini wa makanisa hayo yasiyotambuliwa walikamatwa wakiwa harusini. Viongozi wawili wa makanisa ya Full Gospel, Haile Naizghi na Kiflu Gebremeskel, walikuwa wamekwisha kuchukuliwa Mei 2004 na kuwekwa ndani mwaka baada ya mwaka bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mwaka huohuo wa 2004 alikamatwa mwimbaji wa nyimbo za injili Helen Berhane, akafungiwa katika kontena la chuma la kusafirishia mizigo katika kambi ya Mai Serwa. Aliachiliwa mwaka 2006 afya yake ikiwa imeharibika, kisha akapata hifadhi Denmark. Kontena la namna hiyo huwa tanuri mchana na barafu usiku, na matumizi yake kama jela yametajwa na watu wengi mno waliotoka kule hata hayahitaji kuthibitishwa upya na kila mkimbizi.

Kwa hiyo mama huyu akiulizwa kwa nini hakusali nyumbani, jibu lake ni kwamba alisali nyumbani, na huko ndiko walikomkamata. Hata hivyo jibu hilo halitakuwa na uzito likibaki hivyo, sentensi moja iliyokauka. Litapata uzito akieleza walikuwa watu wangapi chumbani, kama waliimba kwa sauti au walinong'ona, kama viatu viliachwa mlangoni au viliingizwa ndani ili jirani asivihesabu, nani aligonga mlango, na watoto walikuwa wapi saa hiyo. Mambo madogo ya namna hii hayabuniki kwa urahisi, na ofisa aliyesikiliza mamia ya watu huyatambua.

Kuhusu kurudi Orthodoksi, kuna jambo ambalo watu wa kanisa huliona mara moja lakini hawathubutu kulisema mbele ya ofisa. Kumtaka mtu abadili dhehebu ili asifungwe ndiyo dhuluma yenyewe anayoikimbia. Isitoshe, hata mapaa yanayotambuliwa yanavuja. Patriaki Antonios, aliyekuwa kichwa cha Kanisa la Orthodoksi la Eritrea, alipinga serikali kuingilia mambo ya kanisa, akaondolewa madarakani, akawekwa katika kifungo cha nyumbani hadi alipofariki Februari 2022. Wakatoliki nao walinyang'anywa hospitali na zahanati zao mwaka 2019. Familia isiyatumie mambo haya kana kwamba yaliwapata wao. Yatajwe kwa ufupi tu, kuonyesha kwamba njia wanayoelekezwa nayo ina miiba.

Sasa sheria. Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, kuhusu maombi ya hifadhi yanayotokana na dini, uliotolewa Aprili 2004, unasema waziwazi kwamba mtu asilazimishwe kuificha, kuibadili au kuikana imani yake ili aepuke mateso. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishikilia msimamo huohuo Septemba 2012 katika shauri la watu wawili kutoka Pakistan walioomba hifadhi Ujerumani: ikiwa mtu akirudi kwao atatenda ibada ambayo itamletea mateso, hawezi kunyimwa hifadhi kwa hoja kwamba angeweza kuiacha ibada hiyo. Hukumu ile haiwafungi maofisa wa Nairobi, ila wakili anaweza kuitaja. Wale wawili, Mzee, walikuwa Waislamu wa Ahmadiyya, na ushindi wao leo unamfaa mama mlokole aliyelala katika nyumba ya kanisa lako.

Nirudi sasa kwenye macho yaliyoinama.

Mtu anayefungwa miezi minane bila mashtaka haachiliwi vivi hivi, na ofisa anajua. Atauliza: ulitokaje? "Mungu alimtoa" ni ushuhuda mzuri wa madhabahuni, lakini katika chumba cha mahojiano ni shimo, na dalali ameliona shimo hilo kabla yenu, ndiyo maana anataka kulijaza kwa uongo wake. Simjui mama huyu, wala sitaki kumsemea. Ninachojua ni kwamba wengi walioachiliwa katika magereza yale waliachiliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuwekewa dhamana, ambapo ndugu huweka fedha au nyumba yake na hubaki mateka wa ahadi kwamba mfungwa hatarudi katika ibada wala hatatoroka. Njia ya pili ni kutia saini karatasi ya kuikana imani au ya kuahidi kutokutana tena na waumini wenzake. Wapo waliokataa kutia saini wakakaa ndani miaka kumi na zaidi. Wapo waliotia saini mwezi wa tatu kwa sababu walikuwa na mtoto anayenyonya nje.

Aliyetia saini hubeba aibu ambayo sisi tuliosali maisha yetu yote milango ikiwa wazi hatuifahamu. Haisemi kanisani, maana huko anaitwa shujaa wa imani na kupigiwa makofi. Hamwambii mchungaji. Pengine mumewe anajua, ndiyo maana hujibu kwa niaba yake. Akiifunika hata mbele ya ofisa, maelezo yake yanavunjika katikati: miezi minane ya jela inayoelezwa kwa undani, kisha ghafla yuko nje, na hapana daraja baina ya hayo mawili. Ofisa hawezi kuandika kwamba muujiza ulitokea. Ataandika kwamba maelezo hayaaminiki, na kutoaminika katika sehemu moja huambukiza sehemu nyingine zilizokuwa za kweli tupu.

Ilhali ukweli huo, kama ndio ulivyo, haumdhuru hata kidogo, bali unamjenga. Sheria haimtaki mwomba hifadhi awe mfiadini. Haiulizi kama alikuwa hodari, inauliza nini kitampata akirudi. Mtu aliyelazimishwa kutia saini karatasi ya namna hiyo, kisha akaendelea kusali Khartoum na sasa anasali Nairobi, ameivunja ahadi aliyolazimishwa kuitoa, na jina lake limo katika faili la watu wanaojua kwamba alishawahi kukamatwa. Hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu ambaye hakuwahi kukamatwa. Wewe ni mzee wa kanisa, unajua Petro alisema nini uani kwa kuhani mkuu kabla jogoo hajawika, na unajua kazi aliyokabidhiwa baadaye. Mambo kama hayo yeye huenda akayasikia vizuri zaidi kutoka kwako, au afadhali kutoka kwa mke wako au mama mwingine mtu mzima kanisani, kuliko kutoka kwa wakili. Msimwulize alitia saini au hakutia. Mwambieni tu kwamba wapo waliotia, kwamba sheria haiwahukumu, na kwamba kanisa lenu nalo haliwahukumu. Kisha mwacheni aamue atamweleza nani. Nimeshuhudia mwanamke mmoja akikaa kimya saa nzima ofisini kwangu, halafu akasema jambo hilo kwa sentensi moja wakati ameshika kitasa cha mlango ili aondoke. Sentensi hiyo ndiyo iliyolibeba shauri lake.

Dalali sitampa nafasi kubwa. Baba na mama watahojiwa kila mtu peke yake. Mateso ya baba yaliyobuniwa na mtu wa tatu itabidi wayakariri wawili, wakubaliane kuhusu tarehe, makovu na jina la gereza, na waulizwe tena baada ya miezi kadhaa wakiwa wamechoka. Njia ya mwongo ni fupi, na katika chumba kile huwa fupi zaidi. Usajili wa wakimbizi na mahojiano yenyewe hayalipiwi hata senti moja, kwa hiyo yeyote anayedai fedha kwa ajili ya kuyaharakisha au kuyatia nguvu ni tapeli.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba uongo huo hauhitajiki. Hukunieleza baba alikuwa akifanya nini kabla ya kukimbia, lakini kwa mwanamume wa Eritrea mwenye umri wa kuwa na binti wa miaka 16, swali la utumishi wa taifa halikwepeki. Sheria ya mwaka 1995 iliuweka kuwa miezi 18. Baada ya vita vya mpakani na Ethiopia vya 1998 hadi 2000 ukawa hauna mwisho unaojulikana, na watu hutumika jeshini au katika kazi za serikali mpaka mvi zinatokea. Anayetoroka huhesabiwa kuwa msaliti, na kutoka nchini bila kibali cha kusafiri ni kosa lingine juu ya hilo. Kama baba alitoroka utumishi, hayo ni maelezo yake mwenyewe, ya kweli, yanayosimama kando ya maelezo ya mkewe bila kuyategemea. Na kama yeye si mlokole wa moto kama mkewe, aseme hivyo. Mtu huweza kuteswa kwa imani anayodhaniwa kuwa nayo, na mume wa mwanamke aliyekamatwa kwa ibada nyumbani kwake hataeleweka na askari wa kwao akisema yeye hakuwemo.

Wasifiche kwamba walipitia Sudan, wala kama waliandikishwa huko. Alama za vidole na picha za mboni za macho zilizochukuliwa na UNHCR katika nchi moja zinaweza kuonekana katika nchi nyingine, na mtu aliyesema hajawahi kuandikishwa popote hujikuta akijitetea kwa jambo ambalo halikuwa kosa. Waliondoka Khartoum kwa sababu ya vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023. Hilo halihitaji maelezo marefu. Tahadhari nyingine ni ya tarehe. Kanisa la Orthodoksi la Eritrea hufuata kalenda ya Ge'ez, ambayo iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane kulingana na mwezi, kwa hiyo cheti cha ubatizo cha baba kinaweza kuonekana kinapingana na umri wake. Iandikwe mapema kwenye karatasi kalenda ipi inatumika wapi.

Ndugu wema wa kanisani wasije wakawashauri waende ubalozi wa nchi yao kutafuta cheti cha ndoa au pasipoti. Mwenye hofu na serikali yake haendi kuomba huduma kwake, na ofisa atauliza kuhusu safari hiyo. Zaidi ya hayo, balozi za Eritrea zimejulikana kuwatoza raia walio nje asilimia 2 ya mapato yao na kuwataka watie saini fomu ya kujutia kutotimiza utumishi wa taifa na kukubali adhabu. Saini moja ya kulazimishwa inatosha katika familia hii, kama ipo.

Barua ya kanisa mtaandika, na iwe fupi. Barua nyingi za makanisa zinazopita mezani kwangu zimejaa huruma na aya za Biblia, na ndani yake hamna ushahidi. Andikeni mlichokiona kwa macho yenu: familia ilifika lini, huhudhuria ibada zipi na mara ngapi kwa mwezi, mama huimba kwaya au hufundisha watoto, nani amewatembelea nyumbani. Msiape kuhusu yaliyotokea Eritrea, kwa kuwa hamkuwako. Itiwe saini na mtu anayewafahamu kweli, na namba yake ya simu iwepo, naye awe tayari kupigiwa. Wala msiwakaririshe Biblia kana kwamba ni mtihani wa kipaimara. Mwongozo ule wa 2004 unatambua kwamba mtu aliyejifunza imani yake kwa siri anaweza kujua mafundisho machache na bado akateswa kwa ajili ya hayo machache.

Kabla ya mahojiano wapelekeni kwa wanasheria wanaosaidia wakimbizi bila malipo. Nairobi kuna Kituo cha Sheria na kuna Refugee Consortium of Kenya. Watamsaidia mama kuomba mhojaji mwanamke na mkalimani mwanamke wa Kitigrinya, lugha ya kwao, ombi la kawaida ambalo halimchukizi mtu. Akihisi kwamba mkalimani ni mtu wa karibu na ubalozi au anamjua kutoka mtaani, aseme hapohapo mwanzoni, asingoje kukataliwa ndipo alalamike. Ikitokea wakakataliwa, sheria inawapa nafasi ya kukata rufaa, ila siku huhesabiwa tangu barua inapopokelewa, kwa hiyo barua hiyo isikae kwenye Biblia ya mtu wiki mbili ikiombewa.

Kanada. Kanisa lililo Nairobi haliwezi kuwadhamini. Mdhamini lazima awe Kanada. Utaratibu wa makanisa na vikundi vya wananchi wa kule kudhamini wakimbizi upo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na umewavusha wengi, lakini Novemba 2024 Kanada ilisitisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano, ile njia iliyotumiwa sana na jamaa za wakimbizi. Zimebaki taasisi zenye mikataba na serikali yake, nazo zina foleni ndefu. Marekani ilisimamisha mpango wake Januari 2025, kisha ikaweka kikomo cha watu 7,500 kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025. Hata katika miaka ya neema, wakimbizi waliohamishiwa nchi ya tatu hawakufikia hata mmoja kati ya kila mia. Kama dhehebu lenu lina kanisa dada Toronto au Winnipeg, waandikieni, hakuna ubaya. Ila msiizungumze Kanada mbele ya watoto kana kwamba ni mwezi ujao. Kwa sasa kazi iliyo mbele ni kutambuliwa hapa, kwa maana mkimbizi anayetambuliwa hawezi kurudishwa Eritrea, na milango mingine yote, ikiwa itafunguka, hufunguka kupitia huo.

Nimemwacha binti mwisho kwa makusudi. Ana shauri lake mwenyewe, kwa sababu Eritrea huwapeleka wanafunzi kumalizia mwaka wa mwisho wa sekondari katika kambi ya kijeshi ya Sawa, mahali ambapo mwaka 2003 vijana walifungiwa kwenye makontena kwa kukutwa na Biblia. Kwa umri wake, Sawa haikuwa mbali. Ayaeleze hayo kwa wakili akiwa na mtu mzima anayemwamini. Lakini kuanzia leo asiwatafsirie tena wazazi wake mambo ya gereza. Tafuteni mwanamke mwingine anayejua Kitigrinya, hata kwa simu, hata kutoka mtaa wa mbali. Kila mlipomwuliza mama alitokaje, swali lenu lilimfikia kwa sauti ya mtoto wake, na jibu lake lingepita kwanza katika masikio ya mtoto huyo. Mimi pia ningeinamisha macho.